Long Beach 1933: siku tetemeko lilipoacha logi

Wenzangu mnaoandika programu mnaijua ile simu ya saa tisa usiku. Seva imelala, mwenye biashara analia, nawe unafungua faili la logi ukitumaini kusoma kisa chote, kumbe mstari wa mwisho uliandikwa dakika kumi kabla ya ajali. Kile kilichopaswa kuandika ndicho kilichoanguka kwanza. Mambo hayo yalinipata miaka kadhaa iliyopita na mteja mmoja hapa Nairobi, na wiki nzima nilishinda nikibuni sababu, leo hii kesho ile, maana hakukuwa na ushahidi wowote wa kunikosoa.

Nimekikumbuka kisa hicho kwa sababu siku hizi nasoma habari za matetemeko ya ardhi. (Usiniulize nilianzaje. Nilikuwa natafuta maelezo ya kihisio kimoja cha simu, kiungo kimoja kikanipeleka kwa kingine, kucha ikapita.) Nikagundua kwamba wahandisi wa majengo waliishi katika hali hiyo hiyo hadi mwaka 1933. Mji ukibomoka, walifika kesho yake wakahesabu kuta zilizolala, wakapiga picha, kisha kila mmoja akaandika maoni yake. Lakini ardhi yenyewe chini ya jengo ilisukumwa kwa nguvu kiasi gani? Hapo kila mtu alikuwa akikisia. Jibu la kwanza la maandishi lilipatikana jioni ya tarehe 10 Machi 1933 huko Long Beach, mji wa pwani ulio kusini ya Los Angeles, California. Tetemeko lenyewe lilikuwa la wastani tu.

Najua kuna msomaji atauliza, kwani sesimografu hazikuwepo? Zilikuwepo, tena tangu karne ya 19. Shida ni kwamba sesimografu ya kituo cha utafiti hutengenezwa isikie mnong'ono. Kazi yake ni kutambua tetemeko lililotokea bara lingine kabisa. Ukiiweka karibu na tetemeko lenyewe, ni kama kumpigia kelele mtu aliyebana sikio mlangoni. Kalamu au mwali wa mwanga unaruka nje ya karatasi, na sehemu uliyoihitaji zaidi ndiyo hiyo haikuandikwa. Umepata habari kwamba tetemeko lilikuwepo, basi.

Mhandisi anahitaji kitu kingine, nacho ni mchapuko, yaani kasi inavyoongezeka kila sekunde. Fikiria umesimama ndani ya matatu na dereva anaondoa gari ghafla. Miguu inakwenda na gari, kiwiliwili kinataka kubaki palepale. Ukuta wa matofali nao hali yake ni hiyo, tofauti ni kwamba hauna mkono wa kushika chuma cha juu. Nguvu inayousukuma ni uzito wake ukizidishwa na mchapuko wa ardhi, na kwa kuwa namba hizi huwa ngeni, watu huzilinganisha na mvutano wa dunia, ambao huitwa g. Kitu kikianguka huongeza kasi kwa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, hiyo ndiyo g moja. Ardhi ikichapuka kando kwa 0.1 g, jengo limesukumwa kando kwa nguvu sawa na sehemu ya kumi ya uzito wake wote.

Kabla ya 1933 namba hizo zilitoka wapi? Nyingine zilitoka makaburini, na sitanii. Huko Japani wataalamu walikuwa wakienda kwenye makaburi baada ya tetemeko kutazama mawe yaliyoanguka na yaliyobaki wima. Jiwe lenye upana wa sentimita 20 na urefu wa mita moja huhitaji mchapuko wa takriban 0.2 g ili lianguke: gawanya upana kwa urefu, umepata jibu. Hesabu ni nzuri kwa wepesi wake, lakini inadhani msukumo ni mmoja tena wa polepole, na tetemeko halisukumi hivyo. Italia, baada ya Messina kuangamia mwaka 1908, waliagiza ghorofa ya chini ihimili takriban sehemu moja ya kumi na mbili ya uzito. Japani, baada ya Tokyo na Yokohama kuteketea mwaka 1923, wakaandika sehemu moja ya kumi katika sheria ya 1924. Zote zilikuwa namba za watu wenye akili nyingi na data kidogo.

Hapa anaingia mzee ninayempenda kuliko wote katika hadithi hii. John Ripley Freeman alikuwa mhandisi wa maji, na pia mkuu wa kampuni ya bima ya moto kwa viwanda huko Providence, Rhode Island. Mwaka 1925 tetemeko lilipobomoa katikati ya mji wa Santa Barbara, yeye alikuwa anakaribia miaka 70. Umri huo wengine wanatafuta kivuli cha kukalia. Yeye aliona watu wa bima wanapandisha bei bila kujua wanakadiria nini, akaanza kusoma. Mwaka 1929 alikwenda Tokyo kwenye mkutano mkuu wa wahandisi wa dunia, akazungumza na Kyoji Suyehiro, mkuu wa taasisi ya utafiti wa matetemeko ya huko, aliyekuwa akilia kilio kile kile: tunajenga bila kujua mchapuko. Freeman akamwalika Marekani, na mwishoni mwa 1931 Suyehiro akatoa mihadhara huko. Wakati huo huo mzee alikuwa akiwasumbua wakubwa wa serikali kwa barua na ziara hadi wakakubali kutoa fedha. Idara ya serikali ya upimaji wa pwani na ardhi ikapewa kazi ya kuunda mashine mpya, nayo ikaanza kuzifunga California mwaka 1932.

Tazama sasa mashine yenyewe, maana ni kazi safi. Badala ya pendula kubwa, legevu, inayocheza polepole, waliweka pendula ndogo iliyokazwa. Pendula ya aina hiyo haifuati umbali ardhi ilikokwenda, inafuata mchapuko, na haiyumbi sana hata ikitikiswa kwa nguvu. Kila pendula ilikuwa na kioo kidogo, kioo kikarudisha mwali wa taa juu ya karatasi ya picha iliyozungushwa na mota. Pendula zilikuwa tatu: mbili za kulala zikitazama pande mbili, na moja ya juu-chini. Na kwa kuwa huwezi kuchoma karatasi ya picha mchana na usiku ukingoja tetemeko litakalokuja pengine baada ya miaka 20, mashine ililala. Kando yake palikuwa na pendula nyingine ya kuamshia. Mtikisiko wa kwanza ukiifikia, inagusisha nyaya, taa inawaka, karatasi inaanza kukimbia, na baada ya muda mfupi kila kitu kinazimika chenyewe tayari kwa safari nyingine.

Bila shaka umeona kasoro yake. Muda kati ya mtikisiko wa kwanza na taa kuwaka umepotea. Siku hizi tungeweka bafa inayozunguka, ikihifadhi sekunde kadhaa za nyuma muda wote, na tatizo lingekwisha kwa mistari michache ya msimbo. Mwaka 1932 hakukuwa na kumbukumbu ya aina hiyo. Walikubali hasara hiyo ndogo, na nafikiri uamuzi ulikuwa sawa. Mawimbi ya kwanza huwa ya haraka na mepesi, yale ya kubomoa hufuata nyuma.

Mashine moja ikafungwa chini ya jengo moja la huduma za umma mjini Long Beach. Nyingine ikawekwa Vernon, eneo la viwanda karibu na katikati ya Los Angeles, na nyingine chini kabisa ya kituo cha treni cha Los Angeles. Suyehiro alifariki mwezi wa Aprili 1932. Freeman akafariki Oktoba mwaka huo huo, muda mfupi baada ya kutoa kitabu chake kinene kuhusu uharibifu wa matetemeko na bima. Miezi mitano ikapita.

Ijumaa ile, saa kumi na moja na dakika 54 jioni, ufa wa Newport-Inglewood uliachia baharini, karibu na pwani kusini-mashariki mwa Long Beach, mpasuko ukakimbia kuelekea mjini. Long Beach ilikuwa na watu 142,000 katika sensa ya 1930, mji uliokua haraka baada ya mafuta kupatikana Signal Hill mwaka 1921. Kilima hicho chenyewe kiko juu ya ufa huo huo, kimeinuliwa nao. (Mwaka 2016 Susan Hough na Morgan Page, wanasayansi wa Marekani, waliandika kwamba huenda uchimbaji wa mafuta wa miaka ile ulichangia kuamsha baadhi ya matetemeko ya eneo hilo, hili likiwemo. Ni "huenda", tuiache hapo.)

Mji ulikuwa umejengwa upesi. Maduka na shule nyingi zilikuwa za matofali matupu bila nondo, yameunganishwa kwa chokaa na mchanga. Mahali pengi mchanganyiko huo ulikuwa dhaifu kiasi kwamba baada ya tetemeko matofali yalipatikana yameachana safi, kana kwamba hayajawahi kushikana. Juu ya kuta za mbele za maduka kulikuwa na vikuta vya urembo na nakshi za kuning'inia, hazikufungwa kwa chochote cha maana. Tetemeko lilipoanza, watu walifanya ambalo mimi na wewe tungefanya, walikimbia nje, na nje ndiko matofali yalikokuwa yakishukia. Wengi wa waliokufa waliuawa hivyo, mlangoni au kando ya barabara. Jumla ya vifo huhesabiwa kati ya 115 na 120. Hasara ilikuwa kati ya dola milioni 40 na 50 za wakati ule. Compton, mji jirani ulio juu ya udongo laini, uliumia vibaya sana. Mitikisiko midogo iliendelea usiku kucha, watu wakalala kwenye bustani na nyasi za mbele ya nyumba, na mabaharia wa manowari zilizokuwa zimetia nanga pale wakashuka kusaidia.

Huko Pasadena, kwenye chuo cha Caltech, Albert Einstein alikuwa mgeni akikaribia kuondoka. Husimuliwa kwamba dakika zile alikuwa akitembea uwanjani na Beno Gutenberg, mtaalamu wa matetemeko, wakizungumza juu ya matetemeko, na mazungumzo yaliwanoga hata hawakujua ardhi inatikisika mpaka walipoona watu wanatoka mbio majumbani. Ni Gutenberg mwenyewe aliyekuwa akikisimulia, basi sina sababu ya kumbishia.

Nyumba za mbao, ambazo ndizo zilikuwa nyingi, kwa kawaida zilibaki na watu wake hai. Dohari zilianguka, nyingine ziliteleza kutoka kwenye misingi, lakini hazikuwafukia watu. Majengo ya zege yenye nondo yaliyochorwa kwa uangalifu nayo yalisimama. Kwa hiyo ukitembea barabara moja ungekuta jengo zima, kifusi, nyumba nzima, kifusi. Ardhi ni ile ile, dakika ni ile ile.

Halafu kuna shule. Hapa nilisimama kusoma nikanywa maji kwanza. Majengo ya shule 230 hivi yalianguka, au yaliharibika vibaya, au yakaguliwa na kuonekana hayafai kuingiwa. Shule zilikuwa fahari ya mtaa, zikajengwa na madirisha mapana, minara, milango ya nakshi, vyote vya matofali yasiyo na nondo. Kuna picha za ngazi na veranda zilizojaa kifusi hadi kiunoni. Ilikuwa Ijumaa jioni, watoto walikuwa wamekwenda nyumbani saa chache kabla. Kila mzazi wa Long Beach aliweza kusoma saa, na kila mmoja alijua nini kingewakuta watoto kama ufa ungeachia saa nne asubuhi.

Hasira hiyo ilikuwa na kasi. Siku 31 baada ya tetemeko, tarehe 10 Aprili 1933, California ilikuwa na sheria mpya ya shule za umma, iliyoitwa kwa jina la mbunge Field. Nimeisoma muhtasari wake mara kadhaa, na kilichonishangaza ni kwamba uzito wake hauko kwenye namba. Inataka mchoro utoke kwa msanifu au mhandisi mwenye leseni, idara ya serikali iukague kabla ya ujenzi, na mkaguzi awe pale pale kazini wakati zege linamwagwa, asiwe mtu wa mkandarasi. Kisha wahusika waape kwa maandishi kwamba kilichojengwa ndicho kilichochorwa. Sisi tungeita hivyo kukagua msimbo kabla ya kuuachia, na tungelalamika. Mwezi wa Mei ikafuata sheria ya pili, ya Riley, kwa majengo mengine, ikidai yaweze kuhimili nguvu ya kando ya asilimia 2 ya uzito. Jiji la Los Angeles likachagua asilimia 8.

Wakati siasa hizo zinaendelea, karatasi za picha zilikuwa zimekwisha kusafishwa. Mashine zote tatu zilikuwa zimeamka. Mistari ipo, imepinda na kukwaruzana, inasomeka. Na mashine ya Long Beach ilikuwa imeandika mchapuko wa kulala wa takriban 0.2 g.

Pima namba hiyo. Mara mbili ya ile ya Japani. Mara kumi ya ile ambayo sheria ya Riley ingedai wiki chache baadaye. Ukichukua hesabu ya kawaida ya shule ya upili, kila jengo lililopangiwa asilimia 8 au 10, achilia mbali yale ambayo hayakupangiwa nguvu yoyote ya kando, lilipaswa kulala chini. Lakini majengo mengi mazuri yalikuwa yamesimama, yana nyufa mbili tatu, yanaendelea na kazi. Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu, kwa sababu mpaka siku hiyo ungeweza kusema namba ni makisio mabaya. Sasa namba ilikuwa imeandikwa na mashine, na bado haikukubaliana na macho.

Kosa lilikuwa kutazama kilele peke yake. Ukiambiwa CPU ya seva ilifika asilimia 100, swali lako la kwanza ni: kwa muda gani? Kwa kupepesa jicho au kwa dakika tano? Mchapuko nao ni hivyo. Kilele cha sehemu ndogo ya sekunde hakina muda wa kulisukuma jengo zito mahali pa mbali kabla hakijageuka na kulirudisha. Tena kila jengo lina mdundo wake. Kwa makadirio ya haraka, hesabu sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila ghorofa: jengo la ghorofa mbili hupiga mdundo mmoja kwa sekunde 0.2, la ghorofa kumi kwa sekunde moja. Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea, unajua kwamba msukumo mdogo unaokuja kwa wakati wake hushinda msukumo mkubwa uliokosea wakati. Ardhi ikitikisika kwa mdundo wa jengo, jengo hilo linapata taabu, na la jirani lenye mdundo mwingine linapita salama. Na jengo lenye nondo linaweza kupinda kidogo, kupasuka kidogo, likameza nishati bila kuanguka. Ukuta wa matofali matupu hauna uwezo huo. Ukipita kikomo chake, umekwisha.

Wazo la kuchora jibu la kila mdundo kwa tetemeko moja, mstari mmoja unaoonyesha jengo la sekunde 0.2 litapata nini na la sekunde moja litapata nini, lilikuwa tayari linachemka kichwani mwa kijana mmoja kutoka Ubelgiji, Maurice Biot, katika tasnifu yake pale Caltech mwaka 1932. Alilokosa ni rekodi halisi za kulisha hesabu hizo, na sasa zilianza kupatikana. Tarehe 18 Mei 1940 mashine ya El Centro, karibu na mpaka wa Meksiko, ikaandika tetemeko kubwa zaidi kwa usafi wa ajabu, na George Housner pamoja na wenzake wakaifanyia kazi kwa miaka mingi. Kila mwanafunzi wa uhandisi wa matetemeko, hata wa hapa kwetu, amekutana na data ya El Centro, kama sisi tulivyoanza wote na ile programu ya kusalimia ulimwengu.

Kuna jambo moja la kihesabu lililonifurahisha kiasi cha kuandika programu ndogo kulijaribu. Ukiwa na mchapuko, ukijumlisha mara moja unapata kasi, ukijumlisha tena unapata umbali. Rahisi, sivyo? Sasa weka kosa dogo: tuseme mstari wa sifuri kwenye karatasi umesomwa vibaya kwa 0.001 g, unene wa kalamu tu. Kwa sekunde 60, kosa hilo peke yake linakupa umbali wa nusu ya 0.0098 mara 3,600, yaani mita 17.6. Hesabu yako inasema jengo lilitembea mita kumi na saba na ushee kuelekea baharini, na jengo bado liko pale pale kwenye kona yake. Waliokuwa wakisoma karatasi zile kwa macho na rula walipambana na mzimu huo miaka na miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970 watu wa Caltech walizigeuza rekodi za zamani, zikiwemo hizi za Long Beach, kuwa tarakimu za kusomwa na kompyuta, na sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kusahihisha huo mstari wa sifuri. Ukiandika programu ya kupima hatua au mwendo kwa simu utakutana na mzimu ule ule.

Umeona pia kwamba mpaka hapa sijataja ukubwa wa tetemeko lenyewe. Nimefanya makusudi. Siku ile hakuna aliyeweza kusema "ni 6.4", kwa kuwa kipimo hicho hakikuwa kimechapishwa. Charles Richter alikitoa mwaka 1935. Kilichokuwepo ni kipimo cha Mercalli kilichoboreshwa mwaka 1931, kinachopima yaliyotokea mahali fulani: vyombo vilianguka, dohari zilivunjika, watu waliogopa. Long Beach ilipewa VIII. Namba ya 6.4 iliwekwa baadaye, kama vile tetemeko la Subukia hapa Kenya la tarehe 6 Januari 1928, lililopasua ardhi kwa zaidi ya kilomita 30, lilivyokuja kupewa 6.9. Kwa nishati, San Francisco ya 1906, inayokadiriwa 7.9, ilikuwa karibu mara 180 ya Long Beach. Ndiyo maana nikasema la wastani.

La wastani linatosha. Tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ilitikiswa na tetemeko la 5.9, dogo kuliko la Long Beach. Watu wasiopungua 17 walikufa, nyumba nyingi za matofali zikabomoka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika kiasi cha kufungwa. Nilipoona picha za Ihungo, kabla sijasoma maelezo, nilidhani nimerudi kwenye zile za 1933.

Tusidhani California ilimaliza kazi kwa siku 31. Sheria ya Field iliangalia shule mpya. Zile za zamani zilizobaki zimesimama ziliendelea kufundishiwa. Ilibidi sheria nyingine ije mwaka 1939 kudai zikaguliwe, na za mwisho ziliachwa au kuimarishwa miaka ya 1970 tu, baada ya tetemeko la San Fernando la 1971 kuonyesha tena tofauti kati ya shule za kabla na baada ya 1933. Kuandika upya programu ya zamani inayofanya kazi hakuna anayetaka kukulipa. Hilo nalijua bila kusoma.

Sasa nirudi kwenye kihisio kilichonianzisha. Mashine ya 1932 ilikuwa na taa, mota na vioo vyake. Akselerometa iliyo ndani ya simu yako ni kichembe cha silikoni chenye uzani mdogo unaoshikiliwa na springi nyembamba kuliko unywele, na kazi yake ni ile ile ya pendula iliyokazwa. Tarehe 11 Agosti 2020 Google ilitangaza kwamba simu za Android zitatumika kutambua matetemeko: simu iliyotulia mezani ikichajiwa ikihisi mtikisiko inaarifu seva, na seva inalinganisha na simu nyingine za jirani. Kesho yake, tarehe 12 Agosti, saa mbili na dakika 13 usiku, tetemeko la karibu 6 lilitokea baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Lilisikika Zanzibar, Mombasa, na hata hapa Nairobi.

Ukitaka kujionea, pakua programu yoyote ya bure inayoonyesha vihisio vya simu, ilaze simu mezani. Mhimili mmoja utasoma takriban 9.8, ile g ya dunia, na miwili mingine karibu na sifuri. Kisha gonga meza kwa ngumi. Yangu iliruka hadi zaidi ya 2 kwenye mhimili wa kulala, nayo ndiyo 0.2 g ya Long Beach, ila ya kwangu ilikwisha kabla sijainua mkono.